Taima za seva kwa amri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na wanaotunza seva za ofisi ndogo Dodoma mjini na wilaya za jirani: SACCOS, shule, wanunuzi wa nafaka Kibaigwa, viwanda vidogo vya alizeti upande wa Singida. Seva inayozungumziwa ni Linux, Ubuntu au Debian, unayoingia kwa SSH, njia ya kuiandikia amri ukiwa mbali, bila dirisha wala panya. Mifano inatumia kazi tatu: `bei` inatuma SMS za bei ya mahindi jioni, `bakapu` inanakili databesi usiku, na `riba` inaingiza riba kwenye akaunti za wanachama kila mwisho wa mwezi.

## Mwanzo

1. Taima ni nini hasa?

Ni ratiba inayoiambia seva iendeshe kazi fulani saa fulani bila mtu kugusa kibodi. Kwenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, taima na kazi ni faili mbili tofauti: `bei.timer` inajua saa, `bei.service` inajua kazi. Ukishika hilo, nusu ya maswali ya hapa chini yanajijibu.

2. Nitumie cron au taima za systemd?

Kwa kazi mpya, systemd. Cron ni programu ya ratiba ya zamani, nyepesi, na mstari mmoja unatosha, lakini ukiiuliza "mara ya mwisho ulifanya lini, na uliishia wapi?" haina jibu la maana. Systemd inajibu kwa amri moja. Mtu anayesimamia hela za wanachama asikubali ratiba isiyojibu swali hilo.

Cron iliyopo na inayofanya kazi vizuri usiivunje kwa ajili ya usasa. Iache, ila soma swali la 18 kwanza.

3. Nitaonaje taima zote zilizopo na zitafanya kazi lini?

```
systemctl list-timers --all
```

Utapata kitu cha namna hii:

```
NEXT                        LEFT     LAST                        PASSED  UNIT         ACTIVATES
Tue 2025-08-12 18:30:00 EAT 2h 4min  Mon 2025-08-11 18:30:07 EAT 21h ago bei.timer    bei.service
Wed 2025-08-13 02:00:00 EAT 9h       Tue 2025-08-12 02:00:31 EAT 14h ago bakapu.timer bakapu.service
-                           -        -                           -       riba.timer   riba.service
```

NEXT ni zamu ijayo na LEFT ni muda uliobaki. LAST ni mara ya mwisho taima kulia, na PASSED ni muda uliopita tangu hapo. Mstari wa tatu ndio wa kukukosesha usingizi: vistari vitupu maana yake systemd imeisoma `riba.timer` lakini haijaanzishwa, haina zamu ijayo. Bila `--all` mstari huo usingeonekana kabisa, na ungeondoka ofisini ukiamini mambo ni shwari.

LAST haisemi kwamba kazi ilifanikiwa. Inasema taima ililia, basi. Mafanikio yanatafutwa kwenye logi, swali la 16.

4. Natengenezaje taima mpya kuanzia sifuri?

Andika faili mbili ndani ya `/etc/systemd/system/`. Ya kwanza ni `bei.service`:

```
[Unit]
Description=Tuma SMS za bei ya mahindi

[Service]
Type=oneshot
User=app
WorkingDirectory=/opt/bei
ExecStart=/opt/bei/tuma-bei.sh
```

Ya pili ni `bei.timer`:

```
[Unit]
Description=Ratiba ya SMS za bei

[Timer]
OnCalendar=Mon..Sat 18:30

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now bei.timer
```

Kila ukihariri faili hizi kwa mkono rudia `daemon-reload`, la sivyo systemd itaendelea na ratiba ya zamani iliyo kichwani mwake.

5. Nimefanya `enable bei.service` na sasa SMS zinatoka kila seva inapowashwa. Kwa nini?

Kwa sababu umewasha kazi badala ya ratiba. Kinachowashwa ni `.timer` peke yake. Fanya `sudo systemctl disable bei.service`, kisha ondoa sehemu ya `[Install]` kwenye faili ya service kama uliiweka, ili mwingine asiingie mtego huo huo. Mfano wa swali la 4 hauna sehemu hiyo makusudi.

## Saa na tarehe

6. Mteja anasema "saa mbili usiku". Niandike 02:00 au 20:00?

20:00. Seva inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza na kuzama, tofauti ni saa sita. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30, saa nane usiku ni 02:00, saa sita usiku ni 00:00.

Hapo watu wengi wako makini. Kinachowaponyoka ni siku. Meneja akisema "bakapu ifanyike Jumapili usiku saa nane", kwenye seva hiyo ni Jumatatu 02:00, maana kwa seva Jumapili iliisha saa sita usiku. Ukiandika `Sun 02:00` utakuwa umeiweka usiku wa kuamkia Jumapili, yaani siku nzima kabla ya alivyotaka. Muulize hivi: "Ni usiku wa kuamkia lini?" Jibu lake ndilo siku unayoandika.

7. Taima inachelewa saa tatu kamili kila siku. Nini tatizo?

Seva iko kwenye saa ya UTC (saa ya kimataifa), nawe umeandika saa ya hapa. Tanzania ni UTC+3 mwaka mzima, kwa hiyo 18:30 ya seva inakuangukia 21:30 ya Dodoma. Seva nyingi za kukodi hutoka kiwandani hivyo.

```
timedatectl
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron
```

Usitafute Africa/Dodoma kwenye orodha, haipo. Ukanda wa nchi nzima unaitwa kwa jina la Dar es Salaam, makao makuu yawe popote. Cron inawashwa upya kwa sababu hushikilia ukanda iliouona ilipoanza.

Kama seva inahudumia nchi kadhaa na lazima ibaki UTC, andika ukanda ndani ya taima yenyewe: `OnCalendar=Mon..Sat 18:30 Africa/Dar_es_Salaam`. Na kama uliikodi Ujerumani nayo ikaachwa na saa ya Berlin, tofauti yenu itakuwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, kwa hiyo ratiba itahama mara mbili kwa mwaka bila wewe kugusa kitu.

8. Nitahakikishaje ratiba niliyoandika ndiyo niliyokusudia?

Iulize kabla hujaiwasha:

```
systemd-analyze calendar --iterations=5 "Mon..Sat 18:30"
```

Itakutajia zamu tano zijazo, na siku za wiki. Amri hii haibadilishi chochote kwenye seva, itumie bila woga.

9. Siku ya mwisho wa mwezi naiandikaje, na robo za mwaka wa fedha?

Systemd ina alama ya wimbi inayohesabu kutoka mwisho wa mwezi:

```
OnCalendar=*-*~01 23:30
```

Hiyo ni siku ya mwisho ya kila mwezi, Februari ya siku 28 au 29 imo. Cron haina kitu hicho. Watu huandika siku 28-31 kisha skripti inapima kama kesho ni tarehe mosi.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na robo zake zinaangukia Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kwa hiyo `OnCalendar=*-01,04,07,10-01 02:00` inatosha. Neno fupi `quarterly` linatoa tarehe hizo hizo ila saa 00:00, muda ambao wahasibu wa Juni bado wako kwenye mfumo wakihangaika kufunga hesabu. Bora saa nane usiku.

Na usishangae LAST kuonyesha 18:30:07 badala ya 18:30:00. Systemd inajiruhusu kuchelewa hadi dakika moja ili kuzikusanya kazi pamoja. Ukihitaji sekunde kamili weka `AccuracySec=1s`.

## Umeme ukikatika

10. Umeme ulikatika saa saba usiku ukarudi alfajiri. Bakapu ya saa nane itafanyika?

Kwa kawaida, hapana. Zamu iliyopita seva ikiwa imezimwa imepita. Cron haikumbuki kabisa, na systemd nayo hairudii mpaka uiambie ndani ya sehemu ya `[Timer]`:

```
Persistent=true
```

Ukiweka hivyo, systemd huandika alama ya mara ya mwisho ndani ya `/var/lib/systemd/timers/`. Seva ikiwaka inalinganisha, na ikigundua zamu imerukwa inaifanya hapo hapo. Inafanya kazi na `OnCalendar` tu. Taima za `OnBootSec` au `OnUnitActiveSec` haziguswi.

Si kila taima inastahili hiyo. Bakapu ndiyo, riba ndiyo. SMS za bei, hapana: umeme ukikatika saa kumi na moja jioni ukarudi saa tisa usiku, `Persistent=true` itawaamsha wakulima wote wa Kongwa kuwaeleza bei ya jana. Ujumbe uliopitwa na wakati heri usitumwe.

11. Seva imezimwa siku tatu. Itafanya kazi mara tatu ikiwaka?

Mara moja tu. Zamu zote zilizorukwa hukusanywa kuwa moja.

Kwa bakapu hilo halina neno. Kwa kazi zinazogusa fedha au hesabu za kila siku lina neno kubwa, maana skripti nyingi huandikwa zikidhani "leo ndiyo siku ninayoifanyia kazi". Skripti inayofunga mauzo ya leo ikiendeshwa Alhamisi baada ya kiza cha siku tatu itafunga ya Alhamisi peke yake, Jumatatu hadi Jumatano zitabaki wazi, na hakuna kosa litakaloandikwa popote. Kwa riba ni vilevile: ya tarehe 31 ikiendeshwa tarehe 2, skripti inayouliza "huu ni mwezi gani?" itaingiza riba ya mwezi mpya.

Kwa hiyo skripti isiulize kalenda, iulize databesi: siku au mwezi gani wa mwisho ulifungwa? Kisha ifanye yote yaliyobaki moja baada ya jingine.

Upande wa pili wa jambo hili ni kufanya mara mbili. Umeme unaweza kukatika riba ikiwa imeingia kwa nusu ya wanachama, na kesho yake mtu akaiendesha tena kwa mkono. Kinga yake haiko kwenye taima, iko kwenye jedwali: weka sharti la upekee kwenye namba ya mwanachama pamoja na mwezi, ili riba ya Julai ikataliwe ikija mara ya pili kwa mtu yule yule. Kazi iliyojengwa hivyo unaweza kuirudia hata mara kumi bila mwanachama kuona tofauti. Isiyojengwa hivyo, kila umeme ukicheza utakaa na mhasibu mkipitia daftari mstari kwa mstari.

12. Umeme ukirudi, taima zote zinaanza kwa mkupuo na databesi bado haijaamka. Nifanyeje?

Mambo mawili. Kwenye faili ya service, chini ya `[Unit]`, weka `After=postgresql.service`, au huduma ya databesi unayotumia, ili kazi isitangulie. Kwenye taima weka `RandomizedDelaySec=10min`, kila moja itajipa kuchelewa kwa bahati nasibu, hata zile zinazofidia zamu iliyopotea.

13. Baada ya kukatika umeme seva inasema ni mwaka wa zamani. Taima zitakuwaje?

Zitavurugika. Betri ndogo ya saa kwenye ubao mama imekufa, aghalabu ni ile ya mviringo ya CR2032. Seva inaamka na tarehe ya uongo, halafu mtandao ukipatikana saa inaruka mbele na taima zinalia kwa pamoja. Kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi za kizazi cha nyuma betri hiyo haipo kabisa.

Badilisha betri, kisha hakikisha saa inasawazishwa na mtandao:

```
sudo timedatectl set-ntp true
timedatectl
```

Tafuta mstari wa `System clock synchronized: yes`. Ukikaa `no` muda mrefu, chunguza kama mtandao wa ofisi unazuia mlango wa UDP 123.

## Kusimamisha na kuendesha kwa mkono

14. Nataka kuisimamisha taima kwa muda, au kuiendesha kazi sasa hivi bila kusubiri.

Kusimamisha kuna ngazi tatu:

```
sudo systemctl stop bei.timer
sudo systemctl disable --now bei.timer
sudo systemctl mask bei.timer
```

Ya kwanza inadumu hadi seva iwashwe upya tu, na kwa umeme wetu hiyo inaweza kuwa leo leo. Ya pili inadumu mpaka uiwashe mwenyewe. Ya tatu inakataza hata mwenzako asiiwashe kwa bahati mbaya, ila ikiwa faili yako iko ndani ya `/etc/systemd/system/` kama ya swali la 4, systemd itagoma kuifunika. Tumia ya pili. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokatisha kazi ambayo tayari inaendelea. Hiyo unaikatisha kwa `systemctl stop bei.service`.

Kuendesha sasa hivi ni `sudo systemctl start bei.service`. Ni service, si timer. LAST kwenye orodha haitabadilika, kwa kuwa inahesabu milio ya taima pekee.

Kazi ya mara moja, mathalani kuwasha upya programu usiku wa leo watu wakishaondoka, haihitaji faili:

```
sudo systemd-run --on-calendar="$(date +%F) 22:00" systemctl restart payara
```

Hii inafutika seva ikizima. Ukitaka inayovumilia kuzimwa tumia `at`, kisha `atq` kuona foleni na `atrm` kuondoa.

15. Kazi ya kila dakika tano wakati mwingine inachukua dakika nane. Zitagongana?

Kwa systemd hazigongani. Service ikiwa bado inafanya kazi, mlio mpya hauanzishi nyingine. Kwa cron zitagongana, na zikigongana kwenye databesi utaona seva inazidi kuzama kila dakika tano. Tumia kufuli:

```
*/5 * * * * flock -n /tmp/salio.lock /opt/salio/pima.sh
```

Hatari ya systemd iko upande mwingine. Kazi ya `oneshot` (inayofanyika mara moja na kuisha) ikikwama haina ukomo wa muda kwa kawaida yake, itakaa "inaendelea" wiki nzima na hakuna zamu mpya itakayoanza. Weka `TimeoutStartSec=30min` ndani ya `[Service]`. `RuntimeMaxSec` haifanyi kazi kwa `oneshot`, usiitegemee.

## Imekataa

16. Nikiendesha skripti kwa mkono inakubali, kwa taima inakataa. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa. Anza na logi:

```
systemctl status bei.service
journalctl -u bei.service --since today
```

Ukiona `203/EXEC`, systemd imeshindwa hata kuianzisha skripti: njia si sahihi, ruhusa ya kuendesha haipo (`chmod +x`), au faili iliandikwa kwenye Windows na mstari wake wa kwanza una herufi iliyojificha mwishoni. `sed -i 's/\r$//' tuma-bei.sh` inaiondoa. `217/USER` ni mtumiaji uliyemtaja hayupo. `200/CHDIR` ni folda ya `WorkingDirectory` haipo.

Kama imeanza lakini ikafia njiani, tofauti ni mazingira. Wewe ukiingia kwa SSH unakuja na `PATH` ndefu, `JAVA_HOME` na nywila zilizo kwenye `.bashrc`, faili ya mipangilio yako binafsi. Taima haisomi `.bashrc`. Andika njia kamili ya kila programu, na siri ziweke kwenye faili inayotajwa kwa `EnvironmentFile=`, yenye ruhusa 600.

Kisha kuna umiliki. Uliijaribu ukiwa root (msimamizi mkuu wa seva), ikaacha faili ya logi ya root, sasa mtumiaji `app` hawezi kuiandikia. Ijaribu ukiwa yeye: `sudo -u app /opt/bei/tuma-bei.sh`.

17. Nitajuaje kazi imeshindwa kabla mteja hajapiga simu?

Ukisubiri ile simu ya "kijana wangu, mbona ripoti haijaja?" umeshachelewa. Ndani ya `[Unit]` ya service weka:

```
OnFailure=taarifa@%n.service
```

Kisha tengeneza `taarifa@.service` inayotuma SMS au barua pepe yenye `%i`, ambayo ni jina la kazi iliyoanguka. Inashika kazi iliyoanguka. Haishiki taima ambayo haikulia kabisa kwa sababu seva imezima au mtu aliisimamisha. Kwa hiyo bakapu inafaa itume pia taarifa ya kufanikiwa kwenda nje ya seva, na mtu wa kweli awe na zoea la kushtuka isipofika.

18. Bado niko kwenye cron. Ni mitego gani niijue?

Minne ya kila siku. Alama ya `%` ndani ya crontab (faili ya ratiba za cron) hugeuka kuwa mstari mpya, iandike `\%`, hasa kwenye `date +\%F`. Faili ndani ya `/etc/cron.daily` yenye nukta kwenye jina, kama `bakapu.sh`, inarukwa kimya kimya kwenye Debian na Ubuntu. Iite `bakapu` na uhakikishe kwa `run-parts --test /etc/cron.daily`. Ukijaza siku ya mwezi pamoja na siku ya wiki, cron inachukua yoyote kati yake, hivyo `30 18 1 * 1` ni kila tarehe mosi na pia kila Jumatatu.

Wa nne ni `crontab -r`. Inafuta ratiba zako zote bila kuuliza, na R ni jirani ya E kwenye kibodi. Kabla ya `crontab -e` fanya `crontab -l > ~/crontab.akiba`.

## Taima zilizo ndani ya seva ya programu

19. `list-timers` haionyeshi kazi ninayojua inafanyika kila usiku. Iko wapi?

Huenda iko ndani ya programu yenyewe. Programu za Java zinazokaa kwenye GlassFish, Payara au WildFly zina taima zake, zinazoandikwa ndani ya msimbo kwa `@Schedule`, na systemd haizijui.

Kwenye GlassFish amri ni `asadmin list-timers`, na hiyo hutoa idadi tu kwa kila seva, si majina wala saa. WildFly ni mkarimu zaidi:

```
jboss-cli.sh --connect
/deployment=riba.war/subsystem=ejb3/stateless-session-bean=RibaBean/service=timer-service:read-resource(recursive=true,include-runtime=true)
```

Hapo utaona zamu ijayo na muda uliobaki, na kila taima ina `suspend`, `activate`, `trigger` na `cancel`.

Jihadhari na saa za kuachiwa. `@Schedule` isiyo na chochote ndani yake inalia usiku wa manane, kwa sababu saa, dakika na sekunde huwa sifuri. Ukanda unaofuatwa ni wa Java iliyoanza, hivyo andika `timezone="Africa/Dar_es_Salaam"` wazi. Spring, mfumo mwingine wa kuandikia programu za Java, nayo inataka sehemu sita, ya kwanza ikiwa sekunde; ukinakili sehemu tano za crontab itagoma kuanza, na afadhali igome.

20. Tumepandisha toleo jipya na taima zilizotengenezwa na watumiaji zimepotea. Zinarudi?

Za `@Schedule` zinazaliwa upya na programu. Zilizoundwa programu ikiendelea, kwa mfano kikumbusho cha mkopo wa mtu mmoja, zinafutwa `undeploy` (kuiondoa programu kwenye seva) inapofanyika. Kwenye GlassFish tumia:

```
asadmin redeploy --name riba --keepstate=true riba.war
```

Inaheshimiwa kwenye seva ya msingi iitwayo `server` pekee. Kama vikumbusho ni vya maana, viweke kwenye jedwali lako mwenyewe, kisha taima moja ilipitie kila dakika. Si jambo la kuvutia, ila linavumilia kila toleo.

21. Tumeongeza seva ya pili na wateja wanapata SMS mbili mbili.

Taima zenye `persistent=false`, na zile za Spring, hulia kwenye kila seva iliyo hai. Tumia taima za kudumu zenye databesi moja ya pamoja, au kufuli ndani ya databesi ambalo seva ya kwanza kufika inalichukua. Njia ya haraka ni kuiondoa kazi kwenye programu na kuiweka kwenye systemd ya seva moja, na kwa ofisi nyingi za hapa hiyo inatosha. Kinga ya swali la 11 iwepo kwa vyovyote.

Seva moja ya GlassFish ikifa ndani ya kundi, `asadmin migrate-timers` huhamishia taima zake kwa nyingine iliyo hai.

## Ya pembezoni

22. Aliyekuwa anatunza seva amehamishwa, hakuacha maandishi. Nitajuaje ratiba zote?

Tembelea sehemu hizi, kwa sudo:

```
systemctl list-timers --all
cat /etc/crontab; ls /etc/cron.*
for u in $(cut -d: -f1 /etc/passwd); do crontab -l -u "$u" 2>/dev/null; done
ls /home/*/.config/systemd/user/
atq
```

Mara nyingi la maana utalikuta kwenye crontab ya jina lake mwenyewe. Usifute akaunti yake kabla ya kuhamisha hizo kazi kwenda kwa mtumiaji wa mfumo. Na usisahau zilizo ndani ya programu, swali la 19.

23. SMS za bei zisitoke siku ya Idd, lakini tarehe inategemea mwandamo. Naiandikaje?

Huiandiki. Krismasi na Nane Nane unaweza kuzipanga mwaka mzima mbele, Idd el-Fitri inatangazwa usiku wa kuamkia sikukuu na hakuna `OnCalendar` inayoona mwezi. Weka sharti kwenye `[Unit]` ya `bei.service`:

```
ConditionPathExists=!/etc/bei/mapumziko
```

Alama ya mshangao ina maana "kama faili hii haipo". Mwezi ukiandama, mtu mwenye simu na SSH anafanya `sudo touch /etc/bei/mapumziko`, kazi inarukwa bila kuhesabiwa kuwa kosa, hivyo `OnFailure` ya swali la 17 haitampigia mtu kelele. Kuifuta faili baada ya sikukuu msiachie kumbukumbu ya mtu. Ipangieni hapo hapo kwa `at`, kwa root:

```
echo 'rm -f /etc/bei/mapumziko' | sudo at 06:00 + 2 days
```